Umeitiwa kazi ng'ambo? Mambo ya kukagua ukiwa bado Uganda

Swali hunifikia kwa sura nyingi, ila ni lile lile. Mama wa Busia anauliza kama kampuni inayompeleka bintiye Saudia ni ya kweli. Kijana wa Kisenyi ametumiwa tiketi ya Thailand na mtu ambaye hajawahi kumwona. Mkimbizi wa Nakivale ameambiwa atoe pesa kidogo ili jina lake lisogezwe mbele kwenye orodha ya kuhamishiwa ng'ambo. Karatasi za serikali zinazojibu maswali haya nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, huku dalali wa mpakani akitubembeleza kwa Kiswahili safi. Ndiyo maana nimeyaandika majibu hapa, hatua kwa hatua.

Shika jambo moja kabla hujaendelea. Anayekuletea kazi ya hatari mara nyingi ni mtu wako: shangazi, rafiki wa shule, muumini mwenzako, jirani aliyerudi kutoka kyeyo (kazi za ng'ambo) na simu mpya. Huenda yeye mwenyewe amedanganywa, au analipwa kwa kila kichwa anachopeleka. Kumtazama machoni hakutakuonyesha kitu. Tazama karatasi, na tazama njia anayokupitisha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho chako cha taifa.
- Pasipoti uliyoiomba mwenyewe kupitia passports.go.ug. Ada rasmi utaiona kwenye tovuti hiyo hiyo. Dalali akikuambia "niachie mimi, nina mtu ndani," kataa. Pasipoti aliyoitafuta yeye ataishika yeye, na deni lake litaanzia hapo.
- Daftari na kalamu.
- Simu yenye intaneti, hata ya kuazima kwa saa moja.
- Mtu mmoja wa nyumbani atakayejua kila kitu: dada, mjomba, au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kama unamwamini.
- Nauli ya kufika Kampala na siku chache za kufuatilia. Kazi isiyoweza kusubiri wiki moja usiikimbilie. "Ndege ni kesho kutwa, amua leo" ni kauli ya mtu asiyetaka uulize.

Hatua ya 1: Andika ofa yote kwenye daftari

Usianze kwa kuuliza kama kampuni ni nzuri. Anza kwa kumtaka anayekuita ajibu haya, nawe uandike majibu yake mbele yake:

Kazi ni gani hasa? Mwajiri ni nani, na yuko mji gani? Mshahara ni kiasi gani, kwa sarafu ipi? Nani analipa tiketi, viza na vipimo vya afya? Viza ni ya aina gani? Nitapandia ndege wapi? Kampuni ya Uganda inayonipeleka inaitwaje?

Majibu kama "utaambiwa ukifika", "kazi ziko nyingi utachagua" au "bosi hapendi maswali" yanatosha kukurudisha nyumbani. Mpaka hapo hujaitiwa kazi. Umeitiwa safari tu.

Andika tarehe, jina la aliyekujibu na namba yake ya simu. Hifadhi ujumbe wa WhatsApp na sauti alizokutumia, usifute hata moja. Mambo yakiharibika baadaye, daftari hili ndilo litakaloifanya kesi isimame.

Hatua ya 2: Hakiki leseni ya kampuni

Uganda haimruhusu kila mtu kupeleka wafanyakazi nje. Kampuni lazima iwe na leseni kutoka Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, chini ya kanuni za kuajiri wafanyakazi wahamiaji za mwaka 2021. Mtu binafsi hana leseni, hata awe amepeleka watu mia. Akisema yeye ni ajenti, muulize: ajenti wa kampuni gani?

Kisha fanya hivi:

1. Ingia kwenye mfumo wa wizara, eemis.mglsd.go.ug, utafute jina la kampuni. Mtandao ukikusumbua, nenda wizarani Kampala, kwenye idara inayoshughulikia ajira za nje, ukaulize kwa mdomo.
2. Linganisha jina herufi kwa herufi. Matapeli hupenda kuongeza neno moja kwenye jina la kampuni halali.
3. Angalia leseni inaisha lini, na kama haijasimamishwa.
4. Chukua namba ya simu na anwani ya ofisi kutoka wizarani, si kutoka kwa dalali, kisha piga. Uliza: "Fulani ni mtu wenu? Jina langu liko kwenye orodha yenu?"
5. Nenda ofisini kwa miguu yako. Kampuni halali ina kibao, wafanyakazi na faili. Mtu anayekutana nawe hotelini, kwenye baa au ndani ya gari hana ofisi ya kukuonyesha.

*Kosa linalorudiwa sana:* mtu anatumiwa picha ya leseni kwenye simu, anaona muhuri na nembo ya taifa, anaridhika. Leseni hiyo inaweza kuwa halali kabisa na bado isiwe ya anayekupeleka, kwa sababu picha hupigwa kwenye ukuta wa ofisi ya watu. Namba nne na tano hapo juu ndizo zinazomkamata mwongo, na ndizo watu wanazoziruka kwa kuona aibu. Usione aibu. Ni maisha yako.

Hatua ya 3: Uliza kama nafasi hiyo ya kazi imeidhinishwa

Leseni peke yake haitoshi. Kwa kila kundi la wafanyakazi, kampuni inatakiwa iwe na oda ya kazi iliyoidhinishwa na wizara, inayotaja nchi, aina ya kazi na mwajiri au wakala wa kule. Kampuni yenye oda ya walinzi wa Falme za Kiarabu haijapata ruhusa ya kukupeleka kuwa msichana wa kazi mahali pengine.

Uliza wizarani mambo mawili tu: kampuni hii ina oda ya nchi hii? Ni ya kazi hii? Na uulize sasa hivi, maana milango hufungwa na kufunguliwa. Januari 2016, kwa mfano, serikali ilisimamisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Saudia baada ya malalamiko ya mateso, na baadaye ikaruhusu tena. Jibu alilopewa binamu yako mwaka juzi halikuhusu.

Uganda ina makubaliano ya kazi na Saudia, Jordan na Falme za Kiarabu. Makubaliano hayazuii kila ubaya, waliorudi na makovu ni mashahidi. Lakini yanaupa ubalozi mlango wa kugonga unapoteseka. Nchi isiyo na makubaliano nasi inakuacha mikononi mwa mwajiri peke yake, na dalali anayekusukuma huko anajua hivyo.

Hatua ya 4: Soma mkataba kabla ya kutia sahihi

Taka mkataba angalau siku tatu kabla ya kusaini, upeleke nyumbani. Kama hujui Kiingereza, tafuta mwalimu, paralegali wa mtaa au kijana aliyesoma akutafsirie neno kwa neno. Tafuta haya ndani yake:

- Jina kamili la mwajiri na mji
- Kazi yenyewe (kama ni nyumbani, watu wangapi wamo humo)
- Mshahara, sarafu yake, na tarehe ya kulipwa
- Saa za kupumzika na siku ya mapumziko kila wiki
- Muda wa mkataba, mara nyingi miaka 2
- Nani analipa tiketi ya kwenda na ya kurudi
- Matibabu
- Nini kinatokea mkivunja mkataba

Fungua daftari lako la hatua ya kwanza, uweke pembeni ya mkataba, ulinganishe. Uliambiwa mhudumu wa hoteli na mkataba unasema mfanyakazi wa ndani? Simama hapo hapo. Usikubali "hiyo ni ya makaratasi tu."

Kwa kazi za nyumbani Saudia, mkataba hupita kwenye mfumo wa serikali yao unaoitwa Musaned. Mwambie ajenti akuonyeshe mkataba wako humo, wenye jina lako na namba ya pasipoti yako, nawe upige picha.

Kuna ujanja ambao huwanasa hata walio makini. Unasaini mkataba mzuri Kampala, ukifika unapewa mwingine wa Kiarabu wenye mshahara mdogo, unaambiwa saini au urudi kwa gharama yako. Dawa yake unaiandaa kabla ya kuondoka: nakala ya mkataba wa kwanza ibaki nyumbani, nyingine kwenye barua pepe yako, nyingine wizarani kupitia kampuni. Anayetaka kubadilisha mkataba hukuomba kwanza ile nakala uliyobeba. Mpe, maana zipo nyingine.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya pesa

Hapa tamaa hutushinda wengi, kwa hiyo tumia namba. Dola moja ya Marekani ni riyali 3.75 za Saudia, au karibu dirhamu 3.67 za Falme za Kiarabu. Viwango hivyo havichezichezi. Mshahara ambao umekuwa ukitajwa sana kwa wafanyakazi wa nyumbani wa Uganda huko Saudia ni riyali 900. Gawanya: ni dola 240 kwa mwezi. Mtu anayekuahidi dola 1,500 kwa kufagia na kulea watoto anakuuzia ndoto, na atakuja kuidai bei yake.

Kisha tazama pesa zinakwenda upande gani. Kwa kazi za nyumbani Saudia, viza na tiketi ni mzigo wa mwajiri. Ukiambiwa ulipe tiketi mwenyewe, au kwamba itakatwa kwenye mshahara wa miezi ya mwanzo, uliza wizarani kabla ya kutoa. Kila shilingi unayolipa ilipwe ofisini au benki kwa jina la kampuni, upewe risiti yenye muhuri. Pesa iliyotumwa kwa simu kwenye namba ya mtu binafsi ni vigumu kuidai.

Onyo: usiuze kiwanja, usiweke rehani hati ya ardhi ya familia, usikope kwa mkopeshaji wa mtaani kwa ajili ya safari hii. Deni ndilo linalomfunga mtu kwa mwajiri katili kuliko kufuli la mlango. Nimewasikiliza wasichana waliovumilia kipigo na njaa kwa sababu tu mama yao angefukuzwa kwenye shamba kama wangerudi mikono mitupu.

Hatua ya 6: Jua viza yako ni ya nini

Viza ya utalii si viza ya kazi. Ajenti atakuambia utaibadilisha ukifika. Ukishafika na siku za viza zikaisha, wewe ndiye mkosaji mbele ya polisi wa nchi ile, naye ndiye pekee anayejua namna ya "kukusaidia". Hivyo ndivyo wasichana wengi wanavyonaswa Dubai: viza ya matembezi, kazi ya duka la nguo ambayo haipo, kisha deni la maelfu ya dola linalotakiwa kulipwa kwa mwili.

Vijana wa kiume, na hasa ninyi mliosoma, msifikiri haya ni ya wasichana wa kazi. Tangazo la "huduma kwa wateja" au kuchapa data huko Thailand, mshahara mnono, tiketi ya bure, limewapoteza watu wenye shahada. Wanatua Bangkok, wanapelekwa Mae Sot, wanavushwa mto Moei usiku hadi Myawaddy, Myanmar. Huko wanafungiwa kwenye makambi na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni, kwa kipigo. Raia wa Uganda wamekuwa miongoni mwa waliookolewa humo.

Na Urusi pia. Oktoba 2024 shirika la habari la AP liliripoti kuwa wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka nchi za Afrika, Uganda ikiwemo, waliitiwa mpango wa kazi na masomo huko Alabuga, Tatarstan, wakajikuta kiwandani wakiunda droni za kivita. Mpango ule ulitangazwa mchana kweupe, kwa video za kupendeza. Kazi kutangazwa hadharani si dhamana.

Hatua ya 7: Kagua njia

Kama huna nafasi ya kufuata hatua nyingine yoyote, fuata hii.

Mfanyakazi aliyepita kwenye mfumo halali huondokea Entebbe. Kabla ya hapo amepata mafunzo ya maandalizi ya safari, vipimo vya afya, na kibali cha wizara. Ofisa wa uhamiaji uwanjani anaweza kumuuliza kibali hicho naye akakionyesha.

Dalali asiye na kibali anamkwepa ofisa huyo. Anakupandisha basi la usiku hadi Busia au Malaba, mnavuka, mnalala Nairobi siku kadhaa kwenye nyumba yenye wasichana wengine, kisha mnapandia ndege uwanja wa Jomo Kenyatta. Ofisa wa Kenya anaona msafiri mwenye pasipoti na viza tu, hana sababu ya kuuliza kibali cha wizara ya Uganda. Kuvuka kwenyewe ni rahisi, kwa kuwa raia wa Uganda anaingia Kenya na Rwanda hata kwa kitambulisho cha taifa. Urahisi huo ni haki yetu, na walanguzi wanaula. Mipaka ya Mutukula, Katuna na Elegu hutumika vivyo hivyo.

Kwa hiyo: ukiambiwa kazi ni ya Uarabuni na safari inaanzia Nairobi, Kigali au Juba, usipande basi. Usikubali maelezo kwamba tiketi za Nairobi ni nafuu, au kwamba Entebbe kuna foleni.

Dalili nyingine za njiani:

- Unafundishwa cha kusema: "Sema unaenda harusini." "Sema huyu ni mjomba wako." Mtu mwenye kazi halali haogopi ofisa aijue.
- Mnavushwa kwa bodaboda kwenye njia ya panya ilhali una kitambulisho na ungeweza kupita kituoni kwa heshima.
- Mtu mmoja ameshika pasipoti za kundi zima.
- Umekatazwa kumpigia mtu wa nyumbani mpaka mfike.
- Mmeagizwa mjifanye hamjuani.

Ukiziona dalili hizi ukiwa tayari mpakani, hiyo ndiyo nafasi yako nzuri kuliko zote. Dirishani kwa uhamiaji, sema kwa sauti ya kawaida: "Sijui ninakokwenda, na pasipoti yangu anayo yule." Hutashtakiwa kwa kusema hivyo. Waendesha bodaboda na akina mama wauzaji wa Busia wanaosoma hapa: mkiona kundi la wasichana wanaoongozwa na mgeni mmoja, waambieni polisi. Sheria ya Uganda ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu, ya mwaka 2009, inamtaka kila mwanajamii anayejua kosa hili atoe taarifa.

Hatua ya 8: Acha alama nyumbani, kisha safiri

Hii ni fupi. Mpe mtu wako wa nyumbani nakala za pasipoti, viza, mkataba, tiketi, leseni ya kampuni, na jina na simu ya mwajiri. Kariri namba mbili za simu kichwani, kwa sababu simu yako inaweza kuchukuliwa. Andika namba ya ubalozi wa Uganda wa nchi unayokwenda (tunao Riyadh, Abu Dhabi, Doha na Kuala Lumpur) ndani ya nguo au kwenye kitabu cha dini. Mkubaliane neno la siri lisilotiliwa shaka, kama "mpe salamu bibi mdogo", likimaanisha niko hatarini. Na siku ya kupiga simu kila wiki: ikipita bila simu, nyumbani waanze kufuatilia bila kungoja mwezi uishe.

Kama wewe ni mkimbizi

Kuhamishiwa nchi ya tatu hakuuzwi. Si UNHCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi) wala Ofisi ya Waziri Mkuu inayotoza pesa kwa ajili ya usajili, mahojiano au nafasi, iwe Nakivale, Kyaka II, Kyangwali au Kampala. Anayekuomba pesa "kusogeza faili" ni mwizi, hata kama amevaa kitambulisho shingoni. Uliza au shtaki bila malipo kwa namba ya UNHCR Uganda, 0800 323232. Na asikuambie mtu kwamba hati ya kusafiria ya mkimbizi haikuhusu kwa vile atakupatia pasipoti ya nchi nyingine. Pasipoti ya kughushi itakufanya ukose ulinzi wa pande zote.

Mambo yakikwama

*Nimeshalipa na sasa nina shaka.* Usimwambie dalali kwamba unamshuku. Kusanya risiti, meseji na kumbukumbu za pesa ulizotuma kwa simu, kisha nenda polisi, kitengo cha upelelezi, na wizarani. Kampuni yenye leseni inaogopa kuipoteza, kwa hiyo malalamiko ya maandishi wizarani mara nyingi hurudisha pesa haraka kuliko kelele za mlangoni.

*Wameshika pasipoti yangu, wanataka pesa ndipo wairudishe.* Pasipoti ni mali ya serikali ya Uganda, na hakuna kampuni inayoruhusiwa kuifanya rehani. Nenda polisi na nakala. Ukiogopa, omba barua kwa LC1 uongozane na mtu mzima.

*Niko Nairobi tayari, nimefungiwa nyumbani kwa mtu.* Mtumie mtu wako mahali ulipo kwa ramani ya simu, au mweleze alama za nje: jina la duka, kanisa, namba ya matatu inayopita. Polisi wa Kenya wanapatikana kwa 999 au 112. Ubalozi wa Uganda uko Nairobi, na shirika la HAART Kenya huwahifadhi waathiriwa wa biashara hii. Ukipata nafasi ya kutoka, toka bila mizigo. Pasipoti inaombwa upya.

*Dada yangu yuko Saudia, simu yake imezimwa wiki tatu.* Anza na kampuni iliyompeleka: inabaki na wajibu kwake mpaka mkataba uishe. Iandikie barua, upate muhuri kwenye nakala yako. Siku hiyo hiyo peleka nakala Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, Wizara ya Mambo ya Nje, na Ofisi ya Uratibu wa Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, Jinja Road, Kampala. Kila barua iwe na namba ya pasipoti, jina la mwajiri na mji. Bila vitu hivyo vitatu, ubalozi wa Riyadh unatafuta sindano baharini.

*Mwajiri ananitisha kuniripoti kuwa nimetoroka.* Huko wanaita huruub, na ukiripotiwa hivyo unaweza kukamatwa. Ikiwa uhai wako hauko hatarini, wasiliana na ubalozi na kampuni kabla ya kutoka nyumba hiyo, ili kuwe na kumbukumbu kwamba ulilalamika kwanza. Ikiwa uko hatarini, toka. Nenda ubalozini moja kwa moja, usimfuate mtu wa mtandaoni anayesema ana kazi nyingine nzuri zaidi. Watu hao wanawangoja waliotoroka.

*Nilikubali mwenyewe, kwa hiyo siwezi kushtaki.* Unaweza. Kwa sheria ya 2009, ridhaa ya mwathiriwa si utetezi kwa aliyemsafirisha kumnyonya. Mwathiriwa pia haadhibiwi kwa kosa alilolitenda kama matokeo ya moja kwa moja ya kusafirishwa. Msafirishaji anakabili kifungo cha miaka 15, na adhabu kali zaidi kosa likiwa la mtoto.

*Aliyempeleka ni ndugu yetu, familia inataka tuyamalize nyumbani.* Hili ndilo swali linalouma kuliko yote. Wazee watapendekeza arudishe pesa kidogo, mle pamoja, yaishe. Mkifanya hivyo yule binti atabaki huko aliko, na mtoto wa nyumba ya pili ataondoka mwezi ujao kwa mkono ule ule. Shauri hili si la baraza la ukoo. Lipelekwe polisi, na mwenye kuogopa kwenda peke yake aombe kusindikizwa na Platform for Labour Action au UYDEL, mashirika ya Kampala yanayozijua kesi hizi.

*Mtoto amechukuliwa.* Usingoje saa 24, hakuna sheria inayokutaka ungoje. Piga 116, namba ya bure ya watoto inayoitwa Sauti, au polisi 999. Kituoni uliza kitengo cha kulinda watoto na familia. Sema nguo alizovaa, nani alionekana naye mara ya mwisho, na upande alioelekea. Hii ni kwa wazazi wa Karamoja pia, ambako watoto huchukuliwa kwa ahadi ya shule au kazi nyepesi, kisha wakaonekana wakiombaomba barabarani Kampala au Nairobi. Kama unajua basi walilopanda, mpigie kondakta na kituo cha polisi cha mbele yake, kabla halijafika mpakani.